Mistari Mitano Iliyofutwa

Kila asubuhi kabla ya masomo, Béthanie alipanda ngazi, akafuta vumbi jekundu la Kamina kwenye paneli ya jua, kisha akafungua chumba cha kompyuta. Yeye ndiye aliyekabidhiwa ufunguo na nywila katika darasa la sita, na hakuacha mtu asahau jambo hilo.

Alhamisi ile alipowasha, maandishi meupe yalishuka haraka kama kawaida, halafu yakakoma. Kompyuta hiyo ilikuwa na Linux ndogo kabisa, isiyo na picha wala kipanya. Mwishoni ilipaswa kuandika neno moja la kumwomba mtu jina lake, ili aingie. Neno halikuja. Alizima, akawasha tena. Wapi!

Ghafla akakumbuka. Jana mchana alikuwa amefungua orodha ya vitu vinavyoanza pamoja na mashine. Betri ilikuwa imezeeka, kila mara umeme ukiisha kabla ya kazi kwisha, naye akaona mistari sita inayofanana. Sita ya nini? Akafuta mitano ili mashine isile umeme bure. Hakuandika chochote kwenye daftari la mabadiliko, ingawa Maître Malachie, mwalimu wao, aliwaambia mara mia waandike. Mashine iliendelea vizuri hadi jioni, maana orodha hiyo husomwa wakati wa kuwasha tu.

Badala ya kusema hivyo, Béthanie alimgeukia kwa hasira Zaina, binti wa mwuza vitambaa, aliyekuwa wa mwisho kuketi hapo jana.

"Ni weye! Uliguza nini?"

"Minyi?" Zaina aliruka. "Niliandika tu kurasa zangu, nikafunga. Usinisingizie bule!"

"Weye umezoea soko, kila kitu unaguza!"

Wenzao waliokwisha kuingia wakacheka.  Miezi mitatu mizima Zaina alikuwa akichapa kwenye kompyuta hiyo somo lote la sayansi, kurasa tisini, kwa sababu darasa lilikuwa na vitabu vinne tu, na mtihani ulikuwa Jumatatu.

Maître Malachie alikuja, akaambiwa ni Zaina, akajaribu hili na lile, akachoka, akafura.

"Fundi iko Kabondo-Dianda, atarudia juma yenye kuya," alifoka. "Sasa minyi naweka mufumo mupya. Zaina, toka inje! Muntu wa kuguza bila ruhusa, simutaki hapa."

"Na kurasa zangu, Maître?"

"Yote itafutika."

Zaina hakulia. Alimkazia Béthanie macho makavu, akatoka. Béthanie alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Mwalimu alikwisha kuchomeka flash, na kidole chake kilikuwa juu ya kitufe.

"Maître, acha! Ni minyi! Nilifuta mistari tano jana. Nilibakisha ya mwisho tu."

"Ya mwisho? Ya sita?"

Mwalimu alichomoa flash, akawasha mashine upya, akabonyeza Alt pamoja na F6. Neno likatokea, likingoja jina. Kumbe kila mstari hufungua ukurasa wake wa kuingilia, sita katika kioo kimoja, wa kwanza ndio unaoonekana mwanzoni, na Béthanie alikuwa ameacha ule wa nyuma kabisa. Mistari ikarudishwa. Kurasa tisini zilikuwa salama.

Béthanie alidhani yamekwisha. Mwalimu akapiga meza.

"Kufuta mistari ni kosa ya kazi," alisema. "Ungesema asubui, tungeitengeneza kwa dakika kumi. Lakini uliona mwenzako anafukuzwa, ukanyamaza! Na minyi nilimufukuza bila kumuuliza hata neno moja. Ya kwangu nitamuomba musamaha minyi mwenyewe. Ya kwako, hakuna fundi wa kukutengenezea. Muntu mukweli anasema kosa yake kabla mwingine hajailipa. Twende."

Zaina alisimama nje ukutani, mikono kifuani, na wale waliomcheka wakimtazama. Mwalimu alimwomba radhi mbele ya wote. Kisha Béthanie akasogea mbele.

"Ni minyi niliharibu masini," alinong'ona. "Zaina hakuguza kitu."

"Useme tena," Zaina akasema. "Kwa nguvu, sawa vile ulinitukana."

Béthanie akarudia kwa sauti kubwa, hadi walimu wakachungulia madirishani.