Kiti cha Mwenye Mahali

Mambo yaliharibika siku Agnesi alipokaa.

Tangu yeye na mumewe, Gaudens, wafungue duka lao Kariakoo, hakuna mteja aliyewahi kumwona amekaa. Aliuza spea za pikipiki kwa kusimama, akala kwa kusimama, akagombana kwa kusimama, mkono kiunoni, na kila mchuuzi aliyemzibia mlango. Adhuhuri hiyo Gaudens alirudi na chupa ya chai akamkuta amekunjua kiti cha turubai cha kambini, amekiweka katikati ya matairi, ameketi na kuuelekea ukuta.

"Mama Vicky, unaumwa?"

Mteja akauliza bei ya mnyororo, akauliza tena, akaondoka akisonya. Ndipo harufu ilipompata Gaudens. Haikuwa ya grisi wala ya mpira. Ilikuwa ya udongo wa msituni mvua ikishapita, na ndani yake, kwa mbali, oili chafu.

Kilichomjia kwanza ni hasira. Hakuizoea, maana alikuwa mtu wa utani. Ilimkaa kama suti ya kuazima. Alidhani amegomewa. Agnesi aliipinga tangu mwanzo ile safari ya Desemba: wanaume wawili wenye vitambi na presha, wafunge mahema kwenye pikipiki, wazunguke nchi wakilala porini "kama wakimbizi wasio na vita". Lakini Gaudens alikwishaendesha hadi Bujumbura na kurudi, akaanguka katika nchi tatu mbele ya mashahidi, na hakuwa tayari kupangiwa.

"Kama ni ugomvi tugombane nyumbani. Simama!"

Agnesi akageuza shingo. Shingo tu; mabega hayakusogea.

"Hapa pazuri," akasema, kwa sauti iliyotoka chini mno. "Nimepapenda."

Gaudens alikimbilia mlango wa pili, kwa Hamood, muuza helmeti, mwenzake wa safari. Hamood aliingia, akamtazama Agnesi, akatoka kinyumenyume.

"Mangi," akamnong'oneza Gaudens kwa jina lake la utani, "Jumapili kule Kisarawe, nilipokwenda kuokota kuni, ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu."

"Usinidanganye! Wallahi nitakuzaba kofi mbele ya wateja wako!"

Jumapili hiyo walikuwa wakichagua mahali pa kulala usiku wa kwanza wa ile safari. Pa kwanza palijaa siafu. Pa pili mnara wa simu ulisimama katikati ya mandhari kama mgeni asiyealikwa kwenye picha ya harusi. Pa tatu Gaudens alipiga mluzi: jiwe bapa juu ya chemchemi, msitu ukiteremka mpaka macho yachoke. Hamood hakupapenda. Chini ya miti inayopukutika vile, hapakuwa na jani hata moja. Palikuwa pamefagiwa. "Hapa pana mwenyewe," alisema, na Gaudens akamcheka.

"Nilibadilisha oili," Gaudens akakiri sasa. "Ile ya zamani nikaimwaga pale kwenye maji. Halafu nikakunjua kile kiti cha turubai nikatania kidogo. Nikasema, mwenye mahali usikasirike, Desemba tunakuja kulala kwako, na mimi nakupa kiti."

Hamood akashika kichwa. "Kwa maneno hayohayo? Nakupa kiti?"

"Nilimaanisha kiti cha turubai, bwana!"

"Mjinga we! Huku kwetu pwani kiti cha jini ni mtu. Yule anayepandwa ndiye kiti. Umempa mtu, Mangi! Umempa bila kumtaja jina, kaja kujichagulia mwenyewe!"

Agnesi hakukubali kuinuka, na walipojaribu kumnyanyua kwapani alikuwa mzito kama injini ya lori, kwa hiyo wakaita wabeba mizigo wanne, wakambeba na kiti chake kupita katikati ya watu, na watu wakapisha bila kuambiwa pisha, na njia nzima hadi ghorofani kwao Mchafukoge yeye alitabasamu akitazama huku na huku kama mtu aliyekuja kukagua kiwanja, na kila alipogeuza uso harufu ya msitu iliwapiga wale vijana puani mpaka mmoja akaanza kulia bila kujua anachokililia.

Bi Samah, shangazi yake Hamood na mganga wa majini, alifika kutoka Magomeni na udi, marashi na hasira zake.

"Shikamoo, Bi Samah."

"Marahaba. Ndiye wewe mgawa viti?"

Akafukiza. Moshi ulimzunguka Agnesi, ukakataa kumgusa.

"Unataka nini?" Bi Samah akauliza.

"Sitaki. Nimepewa."

"Tutakupa mbuzi."

"Mbuzi hakaliwi." Sauti ikapanda, vioo vikatetemeka. "Nilifagia! Alfajiri na magharibi nilifagia, wala sikumsumbua mtu! Wakaja hawa, hodi hawakupiga, wakanimwagia uchafu kwenye maji yangu ya kunywa, wakacheka! Huyu nitamkalia mpaka avunjike!"

Kitu kikatoa mlio ndani ya Agnesi, kwenye kiuno, kama mbao inayoelemewa. Machozi yalimtoka, na machozi yale tu ndiyo yalikuwa yake.

Gaudens akafura. Alimkasirikia jini, akamkasirikia Hamood aliyekwenda kuokota kuni, akazunguka chumba kizima akitafuta wa kumkasirikia mpaka akabaki mwenyewe.

"Mtoke mke wangu!" akapiga kelele, akijigonga kifua. "Aliyekukosea ni mimi! Kiti ni hiki hapa, kaa!"

"Nyamaza, we mwanamume!" Bi Samah akamrukia kumziba mdomo.

Alichelewa. Agnesi alianguka mbele, akakohoa, akaketi sakafuni akipepesa macho. Kisha akaona moshi.

"Baba Vicky! Nani kawaambia mchome takataka sebuleni kwangu? Una akili wewe?"

Hamood akacheka na kulia kwa pamoja. Agnesi akainuka, mkono kiunoni, akaendelea kutukana, mpaka kwa Kichagga. Gaudens alikuwa amekwenda roshanini. Alitafuta utani wa kumjibu mkewe, na pale ulipokuwa ukikaa siku zote hapakuwa na nafasi.

Hamood akamfuata, akamshika bega. "Mangi, uko salama?"

Gaudens akageuka taratibu, na harufu ya msitu ikageuka naye. Akamtazama rafiki yake kuanzia kofia hadi viatu, kwa utulivu, bila haraka, kama mtu anavyotazama mahali anapofikiria kulala.