Uyoga Tulioushangilia Chini ya Mzabibu wa Baba

Siku mzabibu wa Baba ulipong'olewa, tulikuwa watu sita uani. Nilikuwapo mimi, Risper, nikiwa na miaka ishirini. Alikuwapo Wafula, mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye aliyeshika sururu. Alikuwapo Kadogo, kitindamimba wetu, ameng'ang'ania sketi yangu. Alikuwapo Baba Mdogo Laban, mdogo wa marehemu baba yetu, aliyetoka Kakamega asubuhi hiyo na begi tupu mkononi. Alikuwapo jirani yetu, Mama Akoth. Na alikuwapo Mwalimu Musa, tunayesali naye, anayefundisha kilimo katika shule ya sekondari.

Sote, isipokuwa Mwalimu, tulikuwa tumekula uyoga uliomea chini ya mti ule. Tuliula tukishangilia! Tulipiga magoti tukamshukuru Mungu kwa kitu kilichokuwa kikitubomolea nyumba...

Wasomaji wenzangu, niwaeleze ilivyokuwa.

Sisi ni watu wa mtaa wa Jericho, hapa Nairobi. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, na nyumba hii tunayokaa, ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ndimo alimotulelea. Zamani uani palikuwa na mjakaranda mkubwa uliopasua ukuta kwa mizizi yake. Baba aliukata, lakini kisiki hakukichimbua. Alisema kitaoza chenyewe kiwe mbolea. Kando yake akapanda kijiti cha mzabibu alichopewa na rafiki yake wa kazini, akakijengea kichanja cha mabomba makuukuu. Baba, Baba... laiti ungejua!

Mzabibu ulikua ukafunika ua wote. Kisha Baba akafa kwa ajali kazini, na Mama akamfuata kwa ugonjwa ambao watu waliutaja kwa kunong'ona tu. Nilikuwa kidato cha pili. Nilivua sare ya shule na sikuivaa tena.

Baada ya mazishi ya Mama, jamaa walikaa kutugawa. Kadogo aende kwa Baba Mdogo, Wafula aende kwa shangazi, na mimi nitafutiwe kazi ya nyumba. Walisema mbele yetu kana kwamba wanagawana viti!

Nilisimama. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nikasema hatutatengana, mzabibu wa Baba utatulisha.

Watu walicheka. Baba Mdogo pekee hakucheka. "Sawa, Risper," akasema. "Mti huo ukiwalisha, kaeni pamoja. Siku utakaposhindwa nitakuja kumchukua Kadogo. Na usinililie."

Na kweli, ulitulisha! Asubuhi niliuza zabibu sokoni Jericho. Jioni nilikwenda soko la nyama la Burma, kwa wanaume waliokaa kwenye nyama choma wakisahau kurudi nyumbani. Nilipita nikiwaambia, "Mzee, beba zabibu, mama watoto asikununie!" Mmoja alinijibu siku moja, "Nipe vichala viwili, leo nimekosa sana!" Meza nzima ikaangua kicheko. Kodi ililipwa. Wafula na Kadogo walisoma. Usiku tulilala watatu chini ya paa moja, na hilo ndilo nililolitaka duniani.

Kisha ikaja masika ile...

Mvua ilipokolea, uyoga ulichipuka kwenye shina la mzabibu. Ulikuwa na rangi ya asali, umesongamana kama watu waliojikinga mvua. Baba Mdogo alikuwa amekuja kututembelea. Alipouona alipiga kelele, "Obwoba!" Ndivyo kwetu tunavyouita uyoga, na kwetu ukiota penye kiwanja chako unajihesabu mtu wa baraka.

Mama Akoth alikuja mbio na sufuria yake. Tuliuchemsha vizuri, tukautia karanga za kusaga, tukaula kwa ugali. Baba Mdogo aliramba vidole akasema, "Sasa hata udongo wa Nairobi umewatambua, wanangu."

Furaha ilinipofusha. Kuanzia siku hiyo nilimwaga maji ya kuoshea vyombo palepale shinani, kando ya kisiki, ili uyoga urudi. Nani angenishauri vingine? Kwetu, uyoga ni chakula. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba unaweza pia kuwa onyo.

Mabaya yakaanza polepole. Majani mapya yalitoka madogo, yakageuka manjano kabla ya wakati wake. Jua lilipokuwa kali, tawi moja lililegea kama mkono uliokufa ganzi. Nikasema, mti una kiu. Nikaongeza maji. Kesho yake likalegea la pili. Nikaongeza tena!

Udongo ulikuwa tope. Viatu vilizama. Kwa nini sikujiuliza ni kiu gani hiyo ya mti uliosimama majini?

Wafula aliniambia, "Siste, huu mti hauna kiu, umelewa! Hebu uache upumzike." Nilimfokea. Nilimwambia ashike vitabu vyake.

Mama Akoth akasema ni njaa ya mbolea. Nikabeba samadi ya mbuzi kutoka Burma, gunia mgongoni, watu wakinipisha njiani kwa harufu. Haikusaidia kitu. Kanisani wakasema ni jicho baya. Akina mama wakaja, wakaweka mikono kwenye shina na kuomba mpaka jasho likawatoka. Majani yalizidi kudondoka, mengine yakituangukia vichwani tukiwa bado tumefumba macho...

Vichala vilinyauka vikiwa juu ya mti. Nilivichuma hivyo hivyo nikaenda navyo Burma. Mteja wangu wa siku zote aligeuza kimoja mkononi. "Dada, hizi ni zabibu ama pilipili za kukausha?" Wenzake walicheka. Nilicheka nao. Nilipofika nyuma ya bucha nililia mpaka nikakaa chini.

Jumatatu moja nilipotandika kitanda niliikuta sare ya Wafula imekunjwa chini ya godoro. Kumbe alikuwa akiondoka alfajiri kwenda kwa miguu Industrial Area, kwenye viwanda, kutafuta kibarua, na siku nyingine analala kwa rafiki yake katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga! Aliporudi nilimpiga kofi. Hakuinua mkono. Aliniuliza tu, "Kama wewe uliweza kuacha shule, mimi ni nani?"



Habari zilimfikia Baba Mdogo, naye akaja na lile begi tupu. Nilipoliona tu nilijua limekuja kujazwa nguo za nani. Nilitoka mbio hadi kwa Mwalimu Musa, nikamwangukia miguuni mbele ya wanawe. Nilimwambia aje auokoe mti, la sivyo nampoteza mtoto. Alivaa viatu, tukatoka.

Alipofika aliomba kisu cha jikoni. Akabandua gome pale shina linapoingia ardhini. Chini ya gome palikuwa na utando mweupe, kama ule wa maziwa yaliyochemka yakapoa.

"Nusa," akaniambia.

Nilinusa... Mungu wangu! Ilikuwa harufu ya chakula kile. Harufu ya sufuria ya Mama Akoth!

Wafula akapiga sururu. Kutoka kwenye kisiki cha mjakaranda zilitoka nyuzi nyeusi kama kamba za viatu, zimetambaa hadi kwenye mizizi ya mzabibu. Mizizi yenyewe ilimeguka mkononi kama mkate uliolowa.

"Hii ni kuvu," Mwalimu akasema. "Ilikuwa ikila kisiki, kisha ikahamia kwenye mzabibu. Uyoga ni tunda lake tu. Mlipouona, mizizi ilikuwa imeshashikwa."

"Hakuna dawa?"

"Kwa mti huu, hakuna, binti yangu." Akakata kijiti kwenye tawi la juu kabisa, akanipa. "Labda hiki."

Mama Akoth alijishika kichwa. "Kumbe tulikuwa tunakula msiba wetu wenyewe?"

Nilimpigia magoti Baba Mdogo. Nilisahau kwamba alinikataza kumlilia. Mama Akoth akaingilia kati kwa ukali, "Mzee Laban, muache mtoto na dada yake! Na wewe si uliula huo uyoga?"

"Niliula, Mama Akoth. Niliula mpaka nikaramba sufuria." Alimtazama Kadogo. "Lakini huyu mtoto, kesho atakula nini?"

Niliinuka, nikaenda kuzikunja nguo za Kadogo begini, yeye bado ameshika sketi. 

Kadogo aliuachia upindo wa sketi yangu. Hakulia. Aliniuliza, "Dada, kijiti hiki kikizaa, utakuja kunichukua?"

"Nitakuja. Zabibu za kwanza tu, nakuja."

Baba Mdogo akasema, "Nimesikia. Siku hiyo mtoto ni wako." Kisha wakatoka. Begi halikujaa hata nusu.

Leo nina miaka ishirini na minne. Nafua nguo za watu, na Wafula bado yuko vibaruani. Kisiki tulikichimbua, mzizi kwa mzizi, tukachoma kila kipande. Kile kijiti Mwalimu alikikata mbali na ugonjwa, akanionya nisikipande tena katika udongo ule. Nimekipanda kwenye debe lenye udongo mpya, upande wa nyumba ya Mama Akoth.

Ndugu zangu wasomaji, nawasihi! Usipande mzabibu kando ya kisiki ambacho hujakichimbua. Ukiona majani yanalegea na udongo umelowa, tua ndoo. Chukua kisu, bandua gome kidogo pale chini, utazame, unuse. Na ukiona uyoga umechipuka kwenye shina lake, usiite majirani waje na sufuria. Mwite anayejua miti, na umwite siku hiyo hiyo! Mimi nilimwita mti ukiwa umeshakufa.

Krismasi iliyopita Kadogo aliletwa kututembelea. Amekuwa mrefu. Kabla hajanisalimu alikwenda moja kwa moja kwenye debe. Kijiti kimekuwa mti, kimeushika ukuta, kina majani mazuri. Aliyafunua jani moja moja, akitafuta zabibu.

"Bado, dada?"

"Bado."

Siku ya kuondoka alinikumbatia, akatangulia mlangoni na begi lake. Miaka yote huniuliza nitakwenda lini kumchukua. Safari hii hakuniuliza. Na deni lake bado ninalo.