Posa ya Bwana Mawe

Asubuhi ya Jumamosi soko la Darajani lilikuwa limefurika, watu wanapigana vikumbo. Ummkulthum alikuwa akimpimia mteja liwa ya kujipaka, ghafla akamwona mwanamme mmoja ameokota jiwe kwenye kapu lake, akaligeuzageuza, kisha akatoa ulimi akaliramba.

"We kaka wewe!" aliruka Kulthum. "Hilo la kusugulia visigino, si halua!"

Watu wakaangua kicheko. Yule mwanamme hakuona haya. Alikuwa mrefu, shati la kijivu limepigwa pasi likanyooka, na shingoni amening'iniza kioo kidogo cha kukuzia. Akakipachika jichoni, akalichungua lile jiwe.

"Naliramba vumbi litoke, nizione chembe zake," alisema. "Umelipata wapi?"

"Shangazi yangu huyaokota pwani ya Makunduchi. Huja yakielea."

"Lazima yaelee. Hili halikuzaliwa Unguja, dada. Kisiwa chetu ni matumbawe na mchanga. Hili ni povu la mlima wa moto. Mwamba ulikuwa uji, umejaa gesi, ukarushwa juu ukaganda mara moja. Ndo maana limejaa vitundu, na madini ndani yake hayakupata nafasi ya kukua."

"Na wewe ndo nani? Tabibu wa mawe?"

"Hasa." Akatabasamu. "Talib, mtu wa Tumbatu. Nnasomesha chuoni, na nnachunguza miamba inayozaliwa na moto."

"Basi, Bwana Mawe, ulichokiramba ushakinunua."

Akalinunua. Siku ya pili akarudi kununua jengine. Wiki ya pili kapu likawa tupu, naye Talib hana kisingizio tena, akaomba namba ya simu.

Kuanzia hapo, kila adhuhuri soko likipoa, simu ya Kulthum hulia.

"Ushakula, mpenzi?"

"Nshakula. Wewe umekula nini, changarawe?"

Mwezi wa tatu Talib akamwalika chuoni aone kazi yake. Kulthum akaenda, amejitanda mtandio wa zambarau juu ya baibui, harufu ya udi inamtangulia, na mdogo wake Wanu ubavuni, maana binti wa Bi Sichana haendi kwa mwanamme peke yake. Talib akamwonesha jiwe jeusi lililokatwa kwa msumeno, kipande chake kikagandishwa juu ya kioo na kusagwa, kikasagwa tena, mpaka kikawa chembamba hata mwanga ukapenya. Akakiweka chini ya darubini.

Kulthum akainama, akashusha pumzi. Lile jiwe jeusi lilikuwa limegeuka kijani, waridi na buluu, kama duka la vitambaa siku ya kuamkia Idi.

"Hizo chembe kubwa zilipoa taratibu huko chini ya ardhi," Talib alinong'ona. "Hizo ndogondogo zilipoa haraka, mwamba ulipotoka nje. Nikizitazama, najua jiwe limepita wapi."

"Na mimi ukinitazama wajua nini?"

"Wewe sijui kitu, Kulthum. Nataka umri mzima wa kujifunza."

Wanu akakohoa kwa makusudi.

Siku ikawekwa. Ijumaa baada ya sala, Mzee Usi, ami yake Talib aliyemlea, angekuja na wazee wenzake nyumbani kwao Kulthum, Jang'ombe, kuleta posa. Lakini Jumatatu ya wiki hiyo Talib alipiga simu akihema.

"Kulthum, mlima Oldonyo Lengai kule bara umetoa lava mpya! Lava ya mlima ule hutoka nyeusi, lakini ikipata unyevu wa hewa hubadilika ikawa nyeupe, siku moja au mbili tu. Tukichelewa tutaokota kitu chengine kabisa."

"Na posa?"

"Posa huletwa na wazee, mpenzi. Mimi wa nini? Watakuja. Jumapili nimesharudi."

"Mimi na mawe, nani mbele?"

"Usinitie mtihani huo kwenye simu," akacheka.

Kulthum hakucheka. Alikata simu bila ya kumuaga.

Ijumaa Bi Sichana alipanga visheti na vileja sinia nzima, nyumba ikafukizwa udi, Kulthum akavaa gauni la atlasi la kijani na bangili mpaka karibu na viwiko. Wakangoja. Alasiri ikapita. Magharibi ikaadhiniwa. Mlango haukubishwa, na simu ya Talib haipatikani.

"Lakini mimi yule nilimwona bandarini Jumanne," alisema jirani yao, Bi Ulfat, akimung'unya kisheti. "Anapanda boti na mwanamke wa miwani, vicheko tele."

Kulthum akavua bangili moja moja. Akaifungia namba ya Talib isimfikie tena.

Jumapili Mzee Usi alikuja peke yake, macho mekundu.

"Shikamoo," Kulthum alisema bila ya kumtazama.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutaka radhi. Ijumaa asubuhi dereva wa kina Talib alitupigia. Tangu Alkhamisi hawajashuka mlimani, njia imeporomoka. Vipi nimposee mke mtu nisiyejua kama yu hai? Na vipi nikuvunje moyo kabla sijapata uhakika? Nikanyamaza. Nimekosea."

Kulthum aliikumbuka ile simu aliyoikata. Akaifungua namba, akakaa na simu mapajani, midomo yake inamwomba Mola wake: nirudishie, hata akirudi na mlima mzima.

Jumatatu alikwenda sokoni kwa sababu nyumbani hakukaliki. Adhuhuri simu ikalia.

"Kulthum."

Akaketi juu ya gunia la watu. "Talib? U mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi. Mwongozaji wetu kavunjika mguu. Tumemteremsha kwa upande wa pili, siku nne, simu hazina chaji. Sasa nimefika penye umeme, nimekupigia wewe kwanza."

"Nilikufungia namba siku mbili."

"Kwa kosa gani?"

"La kupanda boti na mwanamke wa miwani."

Kikasikika kicheko kikubwa. "Daktari Saadiya? Mwalimu wangu yule, ana wajukuu!"

Kulthum alicheka na machozi yanamtiririka, wateja wanamkodolea macho.

"Na lava yako?"

"Niliiacha. Tulitupa mikoba yote tupate kumbeba mtu."

Kulthum akapangusa machozi. "Itatoka nyengine. Utaifata. Lakini uniage vizuri, na mimi nitakuaga vizuri."

Ijumaa iliyofuata wazee walijaa sebuleni, na Talib, ambaye hakutakiwa kuwepo, alikaa nje barazani akishindwa kutulia. Kheir, ami yake Kulthum, akaenda chumbani kumuuliza mwari kama ameridhia. Mashangazi walishajiandaa: mwari huinamisha kichwa tu, na kimya chake ndiyo ridhaa yake.

Kulthum alikuwa ameshiba kimya.

"Nnamtaka, ami!" alisema kwa sauti. "Wallahi nnamtaka. Kawaambie wasikie."

"Tushasikia, mwanangu!" akaitika Mzee Usi kutoka sebuleni, na nje barazani mtu akapiga makofi peke yake.