Chumba Alichoahidiwa

Mama Kibonge alikuwa juu ya stuli, anamalizia kona ya mwisho ya chumba cha watoto, binti yake alipomletea simu.

"Muuza rangi huyo. Anahema kama kakimbizwa na mbwa."

"Niwekee sikioni, mikono imejaa rangi."

Rangi yenyewe ilikuwa bluu iliyozama kwenye kijani, nzito, kama maji ya kisima kirefu. Kuna mteja aliagiza ichanganywe hivyo, asirudi kuichukua. Muuza rangi akamwachia Mama Kibonge.

"Dada yangu, umeshapaka?"

"Nimebakiza kona. Kulikoni?"

"Yule mama aliyeiagiza... walipata ajali wakitoka hapa dukani, yeye na mwanawe. Mtoto kazikwa leo. Mama mtu yuko hospitali, hajaambiwa. Anauliza tu kama chumba cha mwanawe kimeshapakwa. Mtoto ndiye aliyechagua rangi."

Mama Kibonge akautazama ukuta.

"Sasa nifanyeje, niikwangue?"

Akamaliza kona yake, akaenda jikoni. Viazi havijiivishi, na jua lilikuwa limeshazama.

Alikuwa anakata vitunguu aliposikia Kibonge, kitinda mimba wake, ananong'ona kule chumbani.

Mnong'ono. Kimya. Mnong'ono...

Kama anayejibiwa.

"Kibonge! Toka huko, utachafuka!"

"Siwezi, mama. Kanishika."

Kisu kikamponyoka.

Chumbani kulikuwa na baridi. Harufu ya rangi mbichi ilichanganyika na nyingine, ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Kibonge alisimama konani, mkono mmoja kaunyoosha hewani, vidole vimebanwa na kitu kisichoonekana. Ukutani palikuwa na alama mbichi ya kiganja.

Kidogo kuliko cha Kibonge.

"Anasema hiki chumba chake," mtoto akanong'ona. "Anaogopa kubaki peke yake. Anamsubiri mama yake."

Mama Kibonge akamvuta. Hakuvutika. Akamvuta tena, mtoto akapiga yowe la maumivu.

Hakuwa mtu wa machozi. Alipiga magoti mbele ya kona tupu, akasema kama angemsemesha mtoto yeyote wa jirani aliyechelewa kufuatwa:

"Mwanangu, mama yako anakuja. Sasa hivi anakuja. Mwachie mwenzio akale."



Mkono wa Kibonge ukaanguka ubavuni.

Akambeba mpaka mezani, akapakua chakula. Binti alianza kumcheka mdogo wake.

"Pua imekuwa bluu! Umeinusa rangi au umeila?"

Simu ikaita.

"Muuza rangi tena, mama. Nipokee?"

Kule chumbani zilisikika hatua za mtu mzima. Nzito, zinachechemea. Kisha sauti ya mwanamke, taratibu, inabembeleza mtoto.

Kibonge akatabasamu. "Kaja."

Mimi ndiye niliyemwita, Mama Kibonge akawaza. Alikuwa mgonjwa, pengine angepona. Nikamwita.

Sauti ile ilibembeleza, ikakatika, ikabembeleza tena. Akatamani kuinuka akaombe radhi. Akabaki kitini.

"Nipokee?"

"Iache iite. Kaa ule."

Akahesabu vichwa. Binti yupo. Kibonge yupo, mashavu yamejaa viazi. Naye mwenyewe yupo.

Wake wote wapo.

Akavuta sahani yake karibu, akala kabla chakula hakijapoa.