Tarehe Tisa Agosti ya Gavana

Sauti ya Hajara ilianza kukauka Jumanne, saa nne asubuhi, mara tu alipoandika maneno mawili: "Hakuna shughuli."

Alikuwa akinakili kwenye kompyuta ya jumba la nyaraka daftari la gavana wa miaka arobaini iliyopita. Kila siku ilikuwa na mistari yake: nani alipokewa, nini kilisainiwa. Tarehe tisa Agosti pekee ilikuwa tupu, naye akaijaza kama makarani wanavyojaza siku za mapumziko.

Jumatano akayakuta maneno yamefutika. Akayaandika upya. Chumba kikanuka kamba ya katani iliyolowa, na juu ya dari kukawa na mlio, kwii, kwii, kama wa mzigo unaoning'inia.

"Panya hao," alisema Malam Yisa, mkuu wake. "Kanywe kunu, uji wa tangawizi, uache deko."

"Panya gani mzito kama mtu, Baba?" Hajara alinong'ona, sauti zaidi ya hiyo hakuwa nayo. "Na huu mwandiko wa daftarini si wako?"

Yisa aliitazama dari, kisha akafunga mlango.

"Siku ile gavana alimsamehe mtu wa kunyongwa. Karatasi ilikuwa haitoki ofisini kabla haijaingia daftarini. Nami nilikuwa na haraka, harusi ya mdogo wangu, huko mjini Bida. Nikasema nitaiingiza kesho."

"Na yule mtu?"

"Walimnyonga alfajiri. Karatasi nikaichoma."

Mlio ukashuka kutoka darini, ukapita juu ya makabati, ukasimama nyuma ya kiti cha Hajara, na ile harufu ikamzunguka shingoni hadi akashindwa hata kunong'ona, akabaki anamsukumia Yisa daftari kwa mikono miwili huku macho yamemtoka na midomo inageuka rangi.

"Niandike? Nastaafu Ijumaa, binti yangu! Watanifunga!"

Hajara akateleza kutoka kitini. Yisa akashika kalamu.

"Gavana amemsamehe Ndako Jiya. Karani hakupeleka." Akatia saini.

Mlio ukakoma. Hajara akavuta pumzi, akakohoa, akalia kwa sauti.

"Alhamdulillahi! Ameondoka, Baba. Si ameondoka?"

Malam Yisa alifungua kinywa kumjibu. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Kisha visigino vya viatu vyake vikaanza kuinuka, taratibu, kutoka sakafuni.