Sahani ya Marehemu Issa Waliifanya Mchezo

Nina miaka ishirini na tisa, nashona nguo hapa Nyamugari, Gitega. Shule niliachia darasa la sita, kwa hiyo sijui kama nitayaeleza vizuri...

Wakati wa vita tulikimbia kutoka Muyinga tukaja hapa, mimi na mama, baada ya mdogo wangu Issa kuuawa mbele ya macho ya mama. Tangu siku hiyo hakusema tena. Kula pia alikataa, mpaka nilipogundua jambo moja: nikimpakulia Issa sahani yake, nikasema "karibu Issa", mama anakula. Miaka miwili nilimpakulia marehemu! Ilikuwa siri ya nyumba yetu.

Nilimwambia mtu mmoja tu, mchumba wangu Saidi, Mkongomani wa Uvira, fundi wa kompyuta. Alilia. Nisimsingizie, machozi yake niliyaona.

Kumbe anatengeneza mchezo! Kwenye kompyuta ya duka lake unamlea mama bubu aliyefiwa vitani. Ukisahau sahani ya mtoto, mama anakufa, unaanza upya. Watu wakapanga foleni.

"We, huyu bibi iko mgumu! Amenifia mara tatu!" mmoja alipiga kelele, wakacheka.

Nilimfokea Saidi. "Sheri, mpenzi wangu, mi nataka watu wajue kulea mgonjwa iko kazi," akasema. "Kwani nimeandika jina?"

Kweli, jina hakuandika. Lakini mtaa mzima ulitujua!

Na niseme yote: na mimi niliucheza. Kulikuwa na kitufe cha kumwacha mama uende zako. Nilikibonyeza... nikajisikia mwepesi. Mungu anisamehe!

Wiki ileile jirani akatukuta tunakula mchana. Akachungulia. "Ee, kumbe iko kweli! Hii ndiyo ya yule mtoto wa kwenye kompyuta?"

Mama hakumtazama jirani. Alinitazama mimi. Akasukuma sahani ya Issa, kisha yake. Hakula tena mkononi mwangu. Tulimzika kabla mwezi haujaisha.

Saidi aliufuta mchezo, akaja msibani. Nilimfukuza mbele za watu! Mpaka leo namchukia, ingawa mdomo uliotoa siri ni wangu. Nani ana kosa zaidi? Sijui.

Wasomaji wenzangu, mnaouguza mna maumivu yenu, semeni hayo. Ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Mimi mama sikumwuliza, kwa kuwa hasemi... ukimya wake nikauhesabu kuwa ruhusa. Msifanye hivyo! Muulizeni. Asipojibu, basi amekataa.