Jina Ndani ya Kiungo

"Usije. Baba ametoa nyundo ya mbao."

Jibu la Jinhai liliingia kabla Suqing hajarudisha simu mfukoni: "Niko getini, kiti kiko mgongoni. Nirudi nacho wapi?"

Pale Xianyou, mji wa maseremala nchini China, Fundi Lian alikuwa na sharti moja kwa anayemtaka binti yake Suqing: alete kiti cha mikono cha mtindo wa kale, kisicho na msumari wala gundi, kifumuliwe mbele ya ukoo. Wachumba wawili walikwisha kurudi kwao na vipande vilivyokutwa na gundi.

Jinhai alikitua uani, mbao nyekundu ya mkurungu iliyopigwa msasa hadi ikang'aa.

"Umekonda, mwanangu," mama yake Suqing alisema. "Kiti kinakula kuliko wewe?"

"Kinakula vidole, Mama."

Fundi Lian alipapasa mgongo wa kiti. Palichongwa jani la yungiyungi lenye tundu, kama limeliwa na mdudu. Kidole kikasimama hapo.

"Safi sana hii. Nani alikufundisha?"

"Mimi ni fundi wa viungo vya mbao. Kifumue kwanza."

Nyundo ikagonga. Viungo vikaachia kimoja kimoja, vikavu, bila tone la gundi. Ubao wa mgongo ukatoka mwisho. Kwenye ulimi wake, ile ncha inayozama ndani ya kiungo, pale ambapo mchongaji huficha jina, palikuwa na herufi tatu za Kichina. Mzee akavaa miwani.

"Lian Suqing," akasoma.

Mama akaacha kumimina chai.

"Unanichumbia binti yangu kwa kazi ya binti yangu?"

"Ulitaka kiti kisicho na gundi, Fundi. Ungeuliza kachonga nani, ningekuambia."

"Mdomo unao!"

"Mwache, Baba. Niulize mimi," Suqing alisema. "Miaka saba nachonga hapa. Jina linalofichwa ndani ni la nani?"

"La karakana."

"Ni lako."

"Wanunuzi hawataki mchongo wa msichana."

"Umeusifu sasa hivi. Ulikuwa wa msichana, au wa fundi?"

Mzee akageukia vipande. "Kiti hiki hakikubaliki. Kimetengenezwa na watu wawili."

"Na ndoa ni ya wangapi?"

Mama akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Nikikataa?"

"Naondoka na patasi zangu. Jinhai atabeba kiti, amezoea. Oda za vuli achonge mwenye jina."

Fundi Lian aliinamia vipande. Aliuinua ubao kwenye mwanga, akaufuata mchongo kwa ukucha toka shina hadi kwenye tundu la mdudu. Kisha akarudisha kila ulimi mahali pake, akagonga, akakaa na kujitikisa mara tatu.

"Hakilii," alisema. "Haya, muoane. Na jina limo ndani, inatosha."

"Haitoshi." Suqing alichomoa patasi kwenye mkanda wa baba yake. "Simama, Baba."

Mzee alimtazama Jinhai. "Unamwona unayemuoa?"

"Ndiye niliyemfuata, Fundi."

Mzee akasimama. Suqing akapiga magoti nyuma ya kiti, akachonga herufi zilezile tatu nje, kwenye ubao wa juu, kila moja upana wa kidole gumba.

Siku ya harusi, mgeni mmoja alilisifu lile jani, akakikalia kiti, akauliza ni mkono wa nani. Fundi Lian hakutamka jina. Alimwinua mgeni, akakigeuza kiti, akampisha asome mwenyewe.